Ngano ya Basotu na Mashindano ya Madola ya Nyuklia

Mashamba saba ya ngano yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada katika uwanda wa Basotu, magharibi mwa Mlima Hanang, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, ndiyo alama kubwa kuliko zote iliyoachwa na mashindano ya madola ya nyuklia katika nchi ya Mbulu na Hanang. Kijeshi, uwanda huo haukuwa na thamani yoyote kwa Marekani wala kwa Umoja wa Kisovyeti. Hata hivyo, sababu ya Kanada kufika huko, bei ya ngano iliyoifanya serikali ya Tanzania itamani ekari zaidi, na hata ukimya uliowazunguka wafugaji walionyang'anywa malisho, vyote vina mizizi katika Vita Baridi.

Kabla ya trekta, nchi hiyo ilikuwa ya makabila mawili yaliyopakana. Kwenye miinuko ya Mbulu walikaa Wairaqw, wakulima wanaochanganya mazao na mifugo, ambao katika karne ya 20 walizidi kuteremka kutafuta ardhi mpya. Chini yao, katika nyanda za Hanang, Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, waliswaga ng'ombe wao kwa mzunguko wa majira. Mzunguko huo ulikuwa na hesabu yake. Kiangazi mifugo ilibaki karibu na maji ya kudumu. Mvua zikinyesha, ilihamishiwa kwenye mabonde yenye udongo mzito na majani bora, ambayo Wabarabaig wanayaita muhajega. Mabonde hayo hayakuwa na watu miezi mingi ya mwaka, na kupumzishwa huko ndiko kulikoyahifadhi. Mgeni aliyepita kiangazi aliona nchi tupu. Kosa hilo la macho lilikuja kuwa sera.

Mbio za nyuklia zenyewe ziligusa ukanda huu mapema zaidi, kwa njia ya mawe. Urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Wasovyeti walipolipua bomu lao la kwanza tarehe 29 Agosti 1949, na Waingereza la kwao Oktoba 1952, kila himaya ilianza kuchungulia chini ya ardhi ya makoloni yake. Tanganyika haikuachwa. Mwaka 1956, ndege zilizobeba vipima mnururisho zikitafuta urani ziligundua kilima cha Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Kilichokuwamo kwa wingi kilikuwa fosfeti iliyochanganyika na urani kidogo, na kazi ya kuchimba ilipoanza mwaka 1983 lengo lilikuwa mbolea. Wakati ndege hizo zikiruka juu ya Manyara, jimbo la Saskatchewan huko Kanada lilikuwa limeshaanza kuchimba urani yake kaskazini, nayo iliuzwa kwa mpango wa silaha wa Marekani. Kusini mwa jimbo hilohilo ndiko kulikokuwa na nyika za ngano, na wataalamu ambao baadaye walikuja Basotu walikulia katika kilimo cha nyika za aina hiyo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilitegemea Uingereza kwa fedha, maofisa wa jeshi na wataalamu. Miaka minne iliyofuata ilivunja utegemezi huo, na hapa ndipo Kanada inapoingia. Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yaliishtua Washington. Kisiwani hapo, huko Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya mpango wa Mercury. Serikali mpya iliwataka wakiondoe, na kikaondolewa. Ujerumani Mashariki iliitambua Zanzibar mara moja na kufungua ubalozi. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Mwalimu Julius Nyerere alijikuta amerithi ugomvi wa Ujerumani mbili: Bonn ilikuwa na kanuni ya kukata au kupunguza uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua Berlin Mashariki. Nyerere alitafuta njia ya kati, akaruhusu ubalozi mdogo tu wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Februari 1965 Ujerumani Magharibi ilijibu kwa kuondoa ghafla wakufunzi waliokuwa wakiunda kikosi cha anga na cha majini. Nyerere akaiambia ichukue na misaada yake mingine yote ya serikali, kwa sababu msaada unaotolewa ili kununua uamuzi wa nchi hauwezi kupokelewa.

Hatua hiyo inastahili kutazamwa kwa uzito wake. Tanzania ilikuwa nchi maskini yenye madaktari wachache na barabara za vumbi, na ilikataa fedha iliyokuwa tayari mezani. Mwezi mmoja kabla, Januari 1965, ilikuwa imewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon na Frank Carlucci. Carlucci, aliyekuwa mwakilishi Zanzibar, alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1987. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukagandishwa. Katika kipindi cha mwaka mmoja, mataifa matatu makubwa ya Magharibi yalikuwa yamekosana na Dar es Salaam, na upande wa pili China, iliyolipua bomu lake la kwanza la nyuklia Oktoba 1964, ilikuwa inakaribishwa. Nyerere alizuru Beijing Februari 1965, na Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni.

Kanada ilijaza pengo la Wajerumani. Kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa 1970 kikosi chake cha ushauri kilifundisha maofisa wa Jeshi la Wananchi na kuanzisha kikosi cha anga kwa ndege za Kikanada za Otter na Caribou. Ottawa ilishauriana na Washington na London kabla ya kukubali, na hofu iliyozungumzwa ilikuwa moja: wasipoingia wao, Wachina au Wasovyeti wataingia. Kwa upande wa Tanzania, hesabu ilikuwa tofauti. Kanada ilikuwa mwanachama wa NATO, lakini haikuwa na koloni Afrika, haikuwa na bomu lake yenyewe, na ilikuwa ndugu katika Jumuiya ya Madola. Kupokea msaada wake hakukuonekana kuwa kujifunga upande. Nyerere alitumia nafasi kama hiyo kwa Wanorwe, Waswidi na Wadenmaki pia. Wanorwe tayari walikuwa na mizizi Mbulu: hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa na wamisionari wao mwaka 1955, kabla misaada haijawa silaha ya Vita Baridi katika Afrika Mashariki.

Wakufunzi wa Kanada walipoondoka jeshini na nafasi yao kuchukuliwa na Wachina, Kanada haikuondoka nchini. Ilihamia kwenye reli, umeme na kilimo. Katika ngano ilikuwa na sifa ya pekee. Mwaka 1961 iliiuzia China ngano wakati wa njaa kubwa, ilhali Marekani ilikuwa imeiwekea Beijing vikwazo. Mwaka 1963 iliuza shehena nyingine kubwa kwa Umoja wa Kisovyeti uliokumbwa na ukame. Wakulima wa Saskatchewan na Manitoba walikuwa wakiwalisha wapinzani wa nchi yao huku ndege za kivita za Kanada zikiwa tayari kubeba silaha za nyuklia za Kimarekani. Nchi iliyojua kuuza ngano pande zote mbili ndiyo iliyoombwa kuifundisha Tanzania kuilima.

Kulikuwa na sababu ya nyumbani pia. Miji ilikuwa inakua, na wakazi wake walikuwa wameanza kula mkate, chapati na maandazi kila siku. Ngano iliyolimwa kwenye miinuko ya kaskazini, ikiwamo Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mbulu, haikutosha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilidai kujitegemea, na kuagiza chakula kwa fedha za kigeni kulipingana na dai hilo. Utafiti ulifanyika, mbegu zikajaribiwa, na shamba la Basotu likaanza chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Baadaye kituo cha utafiti cha Selian, karibu na Arusha, kiliendelea kuzalisha aina za mbegu zilizofaa mvua ya Hanang.

Mradi ulikuwa wa mtindo wa nyika za Kanada kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila shamba lilikuwa la ekari kama 10,000, na yote saba, yaani Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, yalipita ekari 70,000. Trekta kubwa, mashine za kupandia na za kuvunia zilitoka Kanada, kwa kuwa masharti ya msaada yalitaka sehemu kubwa ya fedha itumike kununua bidhaa za huko. Vijana wa Kitanzania walipelekwa Kanada kujifunza ufundi na usimamizi. Kwa kipimo cha gunia, mradi ulifaulu: katika miaka yake mizuri mashamba ya Hanang yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyovunwa Tanzania, na mavuno kwa ekari hayakuwa ya kuaibisha mbele ya yale ya Kanada kwenyewe. Lakini mashine za namna hiyo huhitaji vipuri, mafuta na fedha za kigeni bila kukoma, na huajiri watu wachache. Kilichoitwa kujitegemea kwa chakula kilisimama juu ya vipuri vya kuagiza.

Diplomasia ya madola makubwa ndiyo iliyoufanya mradi uonekane wa lazima. Tarehe 26 Mei 1972, Richard Nixon na Leonid Brezhnev walitia saini mjini Moscow mkataba wa kwanza wa kudhibiti makombora ya nyuklia, SALT I, pamoja na mkataba wa kuzuia mitambo ya kutungulia makombora. Biashara ilikuwa sehemu ya maelewano hayo mapya. Julai mwaka huohuo Marekani ikatoa mkopo kwa Wasovyeti wanunue nafaka, nao, mavuno yao yakiwa mabaya, wakanunua kimyakimya mamilioni ya tani kabla soko halijatambua. Akiba ya dunia ikapungua kwa kasi. Bei ya ngano ilipanda zaidi ya mara tatu kufikia mwanzoni mwa 1974, wakati uleule bei ya mafuta ilipopaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973.

Tanzania ilikumbwa vibaya. Ukame wa 1973 na 1974, ukiambatana na msukosuko wa kuhamishia watu vijijini, ulishusha mavuno, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kwa bei ya juu kuliko zote zilizopata kuonekana. Akiba ya fedha za kigeni ilikauka. Makubaliano yaliyoipunguzia dunia hofu ya vita vya nyuklia yalichangia kumfanya mtoto wa Dar es Salaam akose mkate. Somo ambalo serikali ililipata lilikuwa kwamba nchi isiyojilisha iko mikononi mwa wengine. Katika nusu ya pili ya muongo huo na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba mapya yaliongezwa kuzunguka Basotu. Somo lilithibitishwa tena Januari 1980, Rais Jimmy Carter alipozuia tani milioni 17 za nafaka zisiende Umoja wa Kisovyeti, kama adhabu kwa kuivamia Afghanistan. Ronald Reagan aliondoa marufuku hiyo Aprili 1981, baada ya wakulima wa Marekani kulalamika. Nafaka ilikuwa imeshatangazwa wazi kuwa silaha.

Ardhi iliyochukuliwa kukidhi hofu hiyo ilikuwa muhajega. Kwa kuwa mabonde hayo yalikuwa na udongo bora kuliko wote wa Hanang, yalifaa ngano, na kwa sababu hiyohiyo yalikuwa moyo wa ufugaji. Wabarabaig hawakupoteza sehemu tu ya malisho ambayo wangeweza kuifidia kwa kwenda kwingine. Walipoteza kituo kimoja katika mzunguko ambao vituo vyake vyote vilitegemeana. Ng'ombe walibanwa kwenye miteremko na maeneo ya kiangazi mwaka mzima, majani yakaisha, maziwa yakapungua. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zilikatwa na mashamba, na aliyepita na mifugo alikamatwa na kutozwa faini. Nyumba zilichomwa na watu wakapigwa. Malalamiko hayo yalikuja kuchunguzwa na tume. Yalikuwapo pia makaburi. Mzee anayeheshimiwa sana huzikwa na Wabarabaig kwa sherehe ya bung'ed, inayochukua miezi na kumalizika kwa kujengwa kilima cha udongo juu ya kaburi, na eneo hilo hubaki takatifu kwa ukoo. Majembe ya trekta yalipita juu ya baadhi ya vilima hivyo. Hakuna fidia iliyoweza kupangwa kwa hasara ya namna hiyo.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 ilifungua kesi dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 Jaji D'Souza aliwapa ushindi: walikuwa na haki ya kimila juu ya ardhi yao, na shirika lilikuwa limeivamia. Ushindi huo haukudumu. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu kuhusu ardhi, ikisema kuwa kijiji hakikuthibitisha kugawiwa eneo hilo kwa utaratibu, na kwamba wadai binafsi hawakuthibitisha kuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Watu ambao babu zao walizikwa katika uwanda huo walitakiwa kuthibitisha uenyeji wao. Kisha, kwa Tangazo la Serikali Namba 88 la 1987, haki za kimila katika maeneo ya mashamba ya Hanang zilifutwa moja kwa moja. Kesi nyingine ilifunguliwa mwaka 1988 dhidi ya NAFCO na shamba la Gawal, na wazee wa Kibarabaig waliwaandikia wananchi wa Kanada waraka wa wazi kuwaeleza kilichofanywa kwa fedha za kodi zao. Waraka huo ulizaa maswali makanisani, vyuoni na katika vyombo vya habari vya huko.

Mwaka uleule wa hukumu ya Arusha, Tanzania ilichukua nafasi ya juu kabisa katika diplomasia ya nyuklia ambayo imewahi kuwa nayo. Tarehe 22 Mei 1984, Nyerere, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Raúl Alfonsín wa Argentina na Miguel de la Madrid wa Meksiko walitoa wito wa pamoja kwa madola yote yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na usimikaji wa silaha hizo. Mazungumzo ya Geneva kati ya Moscow na Washington yalikuwa yamevunjika Novemba 1983, na makombora mapya yalikuwa yakisimikwa Ulaya. Viongozi hao sita walikutana New Delhi tarehe 28 Januari 1985, Rajiv Gandhi akiwa ameshika nafasi ya mama yake aliyeuawa, na Agosti 1986 wakakutana Ixtapa, Meksiko, ambako walijitolea kusaidia kuhakiki usitishaji wa majaribio. Nyerere aliendelea na kazi hiyo hata baada ya kung'atuka urais Novemba 1985. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba vita vya nyuklia vingewaua wasiohusika pamoja na wahusika, kwa hiyo wasiohusika wana haki ya kusema. Mkataba wa kufuta makombora ya masafa ya kati, uliotiwa saini na Reagan na Mikhail Gorbachev tarehe 8 Desemba 1987, ulitokana hasa na mabadiliko ya Moscow, lakini sauti ya wale sita ilikuwa sehemu ya shinikizo la dunia wakati huo.

Hoja hiyo ya Nyerere ilikuwa ya haki, na ndiyo inayofanya kisa cha Hanang kiume. Wabarabaig hawakuomba kitu tofauti. Walikuwa wasiohusika katika bei za dunia, katika ugomvi wa Wajerumani na katika hesabu za Ottawa, na walidai kusikilizwa kabla ya maisha yao kuamuliwa na wengine. Serikali iliyodai haki hiyo New Delhi iliwanyima watu wake uwandani, katika miaka ileile.

Vita Baridi vilipomalizika, sababu za kisiasa za msaada ziliisha pia. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, Umoja wa Kisovyeti ukavunjika Desemba 1991, na Kanada, iliyokuwa imeshatumia makumi ya mamilioni ya dola katika ngano ya Hanang, ilimaliza ufadhili wake mwaka 1993. Bila vipuri na fedha, uzalishaji ulishuka. Katika miaka ya 2000 NAFCO iliondolewa mashambani. Sehemu ya ardhi ikarudishwa vijijini, sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekwisha kuchunguza matatizo ya ardhi ya nchi nzima, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilizipa haki za kimila hadhi sawa na hati za serikali. Kwa familia ambazo haki zao zilifutwa mwaka 1987, sheria hiyo ilikuja baada ya malisho kulimwa kwa hadi miaka 30.